Kina cha mwamba kwa nyundo na jiofoni: mwongozo kamili wa njia ya mpindo wa mitetemo

Anayetaka kumwaga msingi, kukata barabara au kuchimba mtaro mrefu anahitaji kujua mwamba uko mita ngapi chini, na kilicho juu yake ni laini au kigumu kiasi gani. Shimo la kuchoronga hujibu swali hilo mahali pamoja tu. Njia ya mpindo wa mitetemo hulijibu kwenye mstari mzima ndani ya saa chache, bila kuchimba chochote: unapiga ardhi, unasikiliza wimbi linavyofika kwenye vipokezi vilivyopangwa juu, yaani jiofoni, kisha unakokotoa.

Mwongozo huu unamfaa mwenye vifaa mkononi au anayekaribia kuvipata, na anayekumbuka hesabu za pembetatu. Kuna jambo moja nitakalolirudia tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kazi nyingi huharibikia hapo: wapimaji hukaza macho kwenye mwamba, ilhali sehemu kubwa ya kosa la kina hutoka kwenye udongo wa juu, ndani ya mita chache za kwanza kutoka kwenye nyundo.

Kinachotokea ardhini

Nyundo ikigonga, mawimbi hutawanyika pande zote. Linalotangulia ni wimbi la mgandamizo, lile la P. Sehemu yake husafiri moja kwa moja ndani ya udongo wa juu kwa kasi ya V1. Sehemu nyingine hushuka hadi kwenye mpaka wa tabaka la chini lenye kasi kubwa zaidi, V2. Likigonga mpaka huo kwa pembe maalumu, tuiite pembe ya ukomo (i), wimbi hupinda kiasi cha kwenda sambamba na mpaka, likikimbia kwa kasi ya V2 na kurudisha nguvu juu njia nzima kwa pembe ileile:

sin i = V1 / V2

Karibu na nyundo, wimbi la moja kwa moja hufika kwanza. Mbali zaidi, lile lililopitia chini hulipita, ingawa limetembea njia ndefu, kwa kuwa sehemu kubwa ya safari limeifanya kwa kasi. Umbali ambapo mawili hayo yanafika pamoja ndio umbali wa kupishana, na ndani yake kuna habari ya kina. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić alitumia wazo hilohilo kwenye kumbukumbu za tetemeko la ardhi la Kroatia, akagundua mpaka kati ya ganda la dunia na tabaka lililo chini yake, makumi ya kilomita chini. Sisi tunashughulika na mita 5, 10 au 30, lakini jiometria ni moja.

Sharti ni kwamba kasi iongezeke kadiri unavyoshuka. Tabaka la chini likiwa la polepole kuliko la juu, wimbi hupinda kuelekea chini na halirudi. Nitalirejea baadaye, maana mtego huo hautoi dalili yoyote kwenye grafu.

Kuhusu kasi zenyewe, shika viwango hivi kama makadirio ya kuanzia: udongo mkavu uliolegea, mita 200 hadi 600 kwa sekunde; mchanga uliojaa maji, karibu 1500, kwa sababu maji yenyewe hupitisha sauti kwa takribani kasi hiyo; mwamba uliooza, 1000 hadi 2500; graniti isiyooza, 4500 hadi 6000. Viwango hivi huingiliana, kwa hiyo kasi peke yake haitaji jina la mwamba.

Hatua ya 1: kupanga urefu wa mstari

Kosa la kwanza hufanyika mezani: mstari mfupi mno. Ili uone mwamba, lazima jiofoni za kutosha ziwe mbali zaidi ya umbali wa kupishana, na huo (xp) unakadiriwa hivi, h ikiwa kina cha mwamba:

xp = 2h × √[(V2 + V1) / (V2 − V1)]

Tuseme unatarajia mwamba mita 10 chini, V1 ni 500 na V2 ni 2500. Ndani ya kipeuo una 3000 kugawanya kwa 2000, yaani 1.5; kipeuo chake ni 1.22. Umbali wa kupishana ni kama mita 24.5. Mstari wa mita 30 hapo hauna kazi. Ungekuwa na jiofoni mbili au tatu tu zinazosikia mwamba. Taka mstari wenye urefu wa mara mbili hadi tatu ya umbali wa kupishana. Jiofoni 24 zilizoachana mita 3 zinakupa mita 69, na hiyo inatosha.

Lakini tazama upande wa pili. Ukiachanisha jiofoni sana, mwamba utauona vizuri na udongo wa juu utaukosa. Mwamba ukiwa mita 2 chini na jiofoni zako ziko mita 5 mbalimbali, huenda wimbi la moja kwa moja likasomwa na jiofoni moja tu, na nukta moja haikupi kasi ya kuaminika. Dawa yake ni kupiga mahali pengi: ncha zote mbili, katikati, robo ya kwanza na robo ya tatu, na tena nje ya mstari kila upande, umbali wa nusu ya mstari au zaidi. Mapigo ya ndani hukupa V1 mahali tofauti. Mapigo ya nje huhakikisha kila jiofoni inasikia mwamba, hata zile za nchani.

Hatua ya 2: uwanjani

Vifaa vya msingi ni kinasa mitetemo chenye chaneli 12 au 24, kebo, jiofoni za wima za masafa ya hezi 4.5 hadi 14, nyundo ya kilo 5 hadi 8, sahani nene ya chuma au alumini, swichi ya kuanzishia kinasa iliyofungwa kwenye mpini wa nyundo, tepu ndefu, na kifaa cha kupimia mwinuko.

Nyosha tepu kwanza, kisha kebo. Kila jiofoni ikae wima na mwiba wake uzame wote kwenye udongo mgumu. Ondoa majani na udongo wa juu uliotifuka. Jiofoni iliyosimama juu ya nyasi husikia upepo kuliko ardhi. Upepo ukiwa mkali, chimba vishimo vya kina cha kiganja na kuzifukia. Pima mwinuko wa kila jiofoni na kila mahali pa kupigia. Kazi hii hurukwa sana, na kuiruka hugharimu: tuta la nusu mita lisilopimwa litaonekana kwenye matokeo kama bonde au kilima cha mwamba ambacho hakipo.

Kabla ya kuanza, jaribu swichi. Piga mara tatu mahali pamoja bila kujumlisha mapigo, na ulinganishe jiofoni ya karibu kabisa. Wimbi lianze wakati uleule kila mara. Likihamahama hata kwa milisekunde 1, swichi imelegea au waya wake unakatika ndani, na hakuna hesabu itakayokuokoa baadaye.

Weka muda kati ya sampuli uwe milisekunde 0.125 au 0.25, na urekodi milisekunde 150 hadi 250. Kisha piga na kujumlisha. Kelele za nasibu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mapigo: mapigo 4 yanakupa uwiano bora mara mbili, mapigo 16 mara nne. Baada ya hapo faida inakuwa ndogo kuliko jasho. Subiri gari lipite, na watu wote kwenye mstari wasimame tuli. Hatua za mtu mmoja aliye karibu na jiofoni ya mwisho zinatosha kufunika wimbi unalolitafuta. Kwenye udongo laini sahani huzama kila pigo, kwa hiyo iangalie na uisogeze kidogo inapoanza kuinama. Mpigaji avae miwani ya kinga na viziba masikio, kwa kuwa vipande vya chuma huruka.

Chini ya nyaya za umeme utaona mawimbi ya hezi 50 au 60 yakijirudia kwenye chaneli zote. Jaribu kuhamisha kebo kabla ya kukimbilia chujio, maana chujio kali husogeza mwanzo wa wimbi, na mwanzo huo ndio kipimo chako.

Andika kwenye daftari kila pigo: namba ya faili, mahali pa kupigia, idadi ya mapigo, na jiofoni yoyote iliyokuwa na shida.

Hatua ya 3: kusoma nyakati za kwanza

Fungua rekodi na ukuze kila chaneli peke yake hadi mstari ulio kabla ya wimbi uonekane ukitetemeka kidogo. Unatafuta pale mstari unapoondoka kwenye utulivu, si kilele cha kwanza. Anza na jiofoni zilizo karibu na nyundo, ambako mwanzo ni mkali kama kisu, kisha fuata nje hatua kwa hatua. Mbali, wimbi la mwamba huja dhaifu, na jicho huvutwa kwenye mzunguko wa pili ulio mkubwa zaidi. Ukiona nyakati zinaruka ghafla kwa milisekunde 10 au zaidi kutoka jiofoni moja hadi nyingine kisha zinaendelea sambamba, karibu kila mara umeruka mzunguko.

Jihadhari na sauti ya hewani. Mlio wa nyundo husafiri kwa takribani mita 340 kwa sekunde, na udongo mkavu unaweza kuwa na kasi inayokaribiana na hiyo. Mstari wenye mteremko wa 340 kamili, wenye masafa ya juu na unaokata rekodi nzima, uutilie shaka.

Kisha fanya majaribio mawili ambayo hayagharimu kitu. La kwanza: muda kutoka ncha A hadi ncha B lazima ulingane na muda kutoka B hadi A, kwa kuwa ni njia ileile. Tofauti ikizidi milisekunde 1 au 2, rudi kwenye rekodi. La pili: linganisha pigo la nchani na pigo la nje ya upande huohuo. Mahali ambapo yote mawili yanasikia mwamba uleule, mistari yake lazima iende sambamba, kila kijipindo cha moja kikionekana kwenye nyingine. Kama inakaribiana kadiri unavyokwenda mbali, pigo la nje linasikia kitu cha kasi zaidi kilicho chini. Binafsi naamini jaribio hili la usambamba kuliko programu yoyote ya kusoma nyakati kiotomatiki.

Hatua ya 4: grafu na hesabu ya kwanza

Chora umbali kwenye mhimili wa mlalo na muda kwenye wa wima. Hata kama kompyuta itakufanyia yote, chora angalau mstari mmoja kwa mkono. Ndivyo unavyojifunza kuona.

Tuchukue mfano. Jiofoni zimeachana mita 2, na pigo liko mita 2 kabla ya jiofoni ya kwanza. Nyakati ni hizi: mita 2, milisekunde 5; mita 4, 10; mita 6, 15; mita 8, 20; mita 10, 24.6; mita 12, 25.6; mita 20, 29.6; mita 48, 43.6.

Nukta nne za kwanza ziko kwenye mstari unaopita kwenye sifuri: mita 8 kwa milisekunde 20, V1 ni 400. Kuanzia mita 10 mteremko unalala. Kutoka mita 12 hadi 48 ni mita 36 kwa milisekunde 18, hivyo V2 ni 2000. Rudisha mstari huo wa pili nyuma hadi umbali sifuri: unakata mhimili wa muda kwenye milisekunde 19.6. Huo ni muda wa kikato, ti. Kina ni:

h = ti × V1 / (2 cos i)

sin i ni 400 kugawanya kwa 2000, yaani 0.2, cos i ni 0.98. Weka: 0.0196 × 400 / 1.96 = mita 4.0.

Sasa fika kwenye lile jambo nililolitaja mwanzoni. Ukikosea muda wa kikato kwa milisekunde 1, kina hubadilika kwa sentimita 20. Ukikosea V1, ukasoma 450 badala ya 400, kina kinakuwa mita 4.5. Nusu mita nzima imetoka kwenye nukta nne za karibu na nyundo. Ndiyo maana pigo la ziada la katikati, linalokupa nukta nane nyingine za udongo wa juu, lina thamani kuliko jiofoni kumi za ziada za mbali.

Zikiwa tabaka tatu, utaona miteremko mitatu. Kokotoa h1, unene wa tabaka la kwanza, kama hapo juu, kisha toa mchango wake kwenye muda wa kikato wa mstari wa tatu (ti3) ili upate h2, unene wa tabaka la pili:

h2 = [ti3 − 2h1 × √(V3² − V1²) / (V3 × V1)] × V3 × V2 / [2 × √(V3² − V2²)]

Kosa la h1 hurithiwa na h2, kwa hiyo usiseme kina cha tabaka la tatu kwa sentimita.

Hatua ya 5: mwamba ukiinama

Pigo la upande mmoja haliwezi kutofautisha mwamba wa kasi ndogo uliolala na mwamba wa kasi kubwa unaoinama. Ndiyo sababu tunapiga pande zote mbili. Ukipiga kuelekea mwamba unakoteremka, kasi unayoisoma ni ndogo kuliko ya kweli. Ukipiga kuelekea unakopanda, ni kubwa. Tuseme V1 ni 400, upande mmoja unasoma 1800 na mwingine 2250. Tafuta pembe ambayo sin yake ni 400/1800: digrii 12.84. Tafuta ile ya 400/2250: digrii 10.24. Nusu ya jumla yake ndiyo pembe ya ukomo, 11.54, nusu ya tofauti ndiyo mwinamo wa mwamba, digrii 1.3. Kasi ya kweli ni 400 / sin 11.54, yaani 2000.

Tazama hapo: mwinamo wa digrii 1.3 tu umezaa tofauti ya 450 kwenye kasi inayosomwa. Anayepiga upande mmoja na kuandika ripoti anaandika bahati. Kumbuka pia kwamba kina kinachotoka kwenye kila muda wa kikato ni chini ya nyundo ya upande huo, si katikati ya mstari.

Hatua ya 6: kina chini ya kila jiofoni

Mwamba halisi una mabonde na vichuguu. Kwa huo, njia ya kujumlisha na kutoa iliyochapishwa na J. G. Hagedoorn mwaka 1959 bado ni chombo bora cha kujifunzia. Kwa kila jiofoni G inayosikia mwamba kutoka pande zote mbili, chukua muda kutoka A, ongeza muda kutoka B, toa muda mzima wa A hadi B. Kinachobaki ni mara mbili ya ucheleweshaji chini ya jiofoni hiyo.

Kwenye mfano wetu, A hadi B ni milisekunde 43.6. Jiofoni ya mita 24 ikisoma 31.6 kutoka kila upande, jumla ni 63.2; toa 43.6, inabaki 19.6, nusu yake ni 9.8. Zidisha kwa V1 na ugawanye kwa cos i: mita 4.0. Jiofoni ya mita 26 ikisoma 34.0 kutoka A na 32.0 kutoka B, inabaki 22.4, nusu 11.2, na kina ni mita 4.6. Umeona bonde la sentimita 60 ambalo mistari iliyonyooka ingelifuta.

Ukitoa muda wa B kwenye muda wa A kwa kila jiofoni na kuchora matokeo dhidi ya umbali, unapata mstari ambao mteremko wake ni 2/V2. Mahali mstari huo unapovunjika, kasi ya mwamba imebadilika. Mara nyingi ni ufa au ukanda uliosagika, na kwa mhandisi habari hiyo inaweza kuwa na uzito kuliko kina chenyewe.

Yasiyoonekana kwenye grafu

Tabaka jembamba lenye kasi ya kati linaweza kupitwa na wimbi la mwamba kabla halijapata kufika kwanza popote. Mfano wa kawaida ni udongo uliojaa maji, wenye 1500, juu ya mwamba wa 4000. Grafu itaonyesha miteremko miwili safi, na mwamba utaonekana juu kuliko ulivyo. Kinyume chake, tabaka la polepole likiwa chini ya la kasi, kama udongo laini chini ya lami, zege au ardhi iliyoganda, mwamba utaonekana chini zaidi ya ulivyo. Hesabu haitalalamika katika hali zote mbili. Shimo moja la kuchoronga kwenye mstari, au mawimbi ya uso yaliyorekodiwa kwa jiofoni zilezile, ndiyo njia ya kulifichua.

Mpaka ulionyooka kabisa wenye kasi ya karibu 1500 kwa kawaida ni maji, si mwamba. Ukitaka uhakika, tumia mawimbi ya S, yanayotikisa ardhi kwa upande, kwa jiofoni za mlalo. Maji hayayapitishi, kwa hiyo kasi yake haipandi kwenye uso wa maji.

Tomografia, na lini uitumie

Programu za tomografia hugawa ardhi kwenye vyumba vidogo, hufuata miale, na kubadilisha kasi za vyumba hadi nyakati zilizokokotolewa zilingane na zilizopimwa. Zinafaa pale kasi inapoongezeka polepole bila mpaka mkali, kama kwenye mwamba uliooza kwa kina kirefu. Zinapaka mipaka mikali kwa ulaini usiokuwepo, na hujaza rangi hata mahali ambapo hakuna mwale uliopita. Anza na modeli iliyotokana na hesabu zako za mkono, endesha tena kwa modeli tofauti, na funika sehemu zisizo na miale kabla ya kumpa mtu picha. Tofauti kati ya nyakati ikishafikia ukubwa wa kosa lako la kusoma, tuseme milisekunde 1, simama. Kuendelea ni kulinganisha kelele.

Kwenye ripoti, andika kina pamoja na nafasi yake ya kosa. Kwa kazi safi, asilimia 10 ni dai linaloweza kutetewa. Ambatisha grafu za muda zenyewe, si picha ya rangi peke yake. Na ukiulizwa shimo la uthibitisho lichorongwe wapi, liweke pale ambapo tafsiri mbili zinatofautiana zaidi, si pale ambapo una uhakika.